Kama si madafu, busha linatoka wapi?

#1 Koroma
Assalaam alaykum wanabaraza.

Ami yangu wa Jambiani anakatwa busha mwezi ujao, inshaallah. Juzi nilikwenda kumtazama, tukakaa barazani. Akapita kijana na baskeli ya madafu, nikanunua mawili. La kwake nikamuwekea mbele. Akalisogeza kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa baraza, kama mtu anayesogeza tandu. "Hilo," akasema, "ndilo lililonifika hapa."

Ami alikuwa mkwezi tangu ujana. Akimaliza shamba hukata dafu lake akanywa papo hapo, tumbo tupu, jua la utosini, miaka nenda miaka rudi. Wazee walimkanya kwamba madafu mengi hushuka chini, na sasa maji yameshuka kweli. Daktari kamwambia ni mnyoo unaoletwa na mbu. Ami akamjibu: "Mbu hao hao wanamng'ata mke wangu, tumelala kitanda kimoja miaka arubaini. Mbona yeye hana kitu? Dafu nanywa mimi tu, yeye hataki hata kulionja." Daktari akacheka, akaendelea kuandika.

Mie sikucheka. Naamini ni mbu, skuli nimekwenda. Lakini nilijaribu kumjibu ami nikakwama. Mbu kawang'ata wawili, kaugua mmoja. Sasa tukisema "sababu ni mbu" huwa tunasema nini hasa? Karibuni.

#2 Ngambo_Asli
Mke wake atalipatia wapi busha, yakhe? 😂😂

#3 Koroma
Astaghfirullah. Matende basi! Ushanifahamu, usinitie maneno.

#4 Bi_Mkadi
Nyie chekeni tu. Marehemu babu yangu alikuwa nalo, akivaa kanzu mbili juu ya nyengine na kiti chake kilikuwa maalumu, hakai mtu. Na dafu hakunywa, alikuwa fundi cherehani wa mjini, hata mnazi hajawahi kuusogelea. Yeye alisema limemtoka kwa kunyanyua cherehani ya chuma kuiingiza ndani kila magharibi. Jirani yake mvuvi, naye analo, alisema ni baridi ya kukaa ndani ya ngalawa usiku. Mie nimeona kila mwenye busha ana sababu yake, na sababu yenyewe inafanana na kazi yake.

#5 Karafuu_Kavu
Salaam kutoka Wete. Naona wazee hawakukosea, waliruka hatua moja tu. Dafu likishanywewa, kaka lake linatupwa pale pale chini ya mnazi. Mvua ikinyesha linajaa maji, mbu anataga, anazaliana, anamng'ata mkwezi. Kwa hivyo penye madafu mengi pana mbu wengi, na penye mbu wengi pana busha. Dafu ni sababu ya sababu. Ami yako mpe haki yake.

#6 Mpima_Damu
@Karafuu_Kavu umeipanga vizuri, ila umemkamata mbu siye. Wa kwenye makaka na vifuu ni Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni, anang'ata mchana. Huyo mlaumu kwa homa ya dengi. Wa matende na mabusha hapa kwetu ni Culex quinquefasciatus, naye hana haja na maji safi ya mvua. Anataka karo la choo, choo cha shimo kilichoingia maji, mtaro ulioziba. Anang'ata usiku, ndani ya nyumba, umelala.

@Koroma, kuhusu mke wa ami: hujui kama hana kitu. Nilishatoka na timu ya kupima. Tukifika kijijini saa nne za usiku na taa na vigae vya kioo, kwa sababu vijinyoo vidogo mchana havionekani damuni, vinajificha mapafuni. Usiku vinatoka, saa zile zile mbu anapokula. Tunatoboa kidole, tunaweka damu kwenye kigae, tunaikausha. Na ajabu yake ni hii: unamkuta kijana mzima, mguu wake kama mcheza mpira, damu yake imejaa vijinyoo. Unamkuta mzee mwenye busha la kilo kadhaa, damu yake safi. Tulikuwa tukirudi nyumbani alfajiri tunatazamana. Kwa hivyo mke wa ami huenda ameishi na minyoo miaka yote hiyo bila ya kujua.

Jambo jengine, mnyoo huu hauzaliani ndani ya mwili ukawa wengi. Kila mnyoo mkubwa ulio nao uliingia kwa kuumwa na mbu. Kwa hivyo mbu mmoja si kitu. Wanahitajika wengi, miaka mingi.

#7 Karafuu_Kavu
Kwa hivyo nadharia yangu imeshindwa na choo. Sawa, ahsante.

#8 Kijana_wa_Kae
Hapo kwenye choo nipisheni mie, maana mie ni mtoto wa Makunduchi na choo chetu kimo kwenye majarida ya kizungu.

Mwaka 1988 hivi walikuja watu na magunia ya chembe nyeupe, nyepesi kama bisi, plastiki ile ile wanayofungia televisheni. Kila choo chenye maji wakamimina. Zikaelea zikafunga uso wa maji kama malai juu ya maziwa. Mbu akija kutaga hapati maji, na funza wake walio chini hawapati pa kupumulia. Sie watoto tukizichota kwa kopo tukizipuliza zinaruka uani kama manyoya. Mama akatutia bakora, na hakuwa anatetea utafiti, zimetoka chooni.

Tulipewa na vidonge pia, na baadhi ya wakubwa viliwatia homa siku mbili. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa damu walikutwa na vijinyoo. Miaka mitano baadaye walikuwa wachache wa kuhesabika. Na mji mwengine uliopewa vidonge peke yake, bila chembe chooni, mbu walibaki pale pale na maradhi yakaanza kurudi.

#9 Ngambo_Asli
Na Mwaka Kogwa je? Kila mwaka mnachoma kibanda kutoa nuksi na mnapigana kwa migomba. Mnajuaje kama si ule moto uliowaponya?

#10 Kijana_wa_Kae
Mwaka Kogwa tunachoma toka enzi za mababu na matende yalikuwepo. Kama ni moto, basi ulichelewa sana.

#11 Karafuu_Kavu
Au moto ndio uliowaleta wenye chembe 😄

#12 Mtoto_wa_Temeke
Wakuu, nawasalimu kutoka bara. Mbona mnajitesa? Sababu ni kile kitu ambacho ukikiondoa, ugonjwa unaondoka. Makunduchi waliondoa mbu, ugonjwa ukaondoka, kwa hiyo sababu ni mbu. Imeisha hiyo.

#13 Bi_Mkadi
Ukimuondoa ami yake Koroma, busha pia linaondoka.

#14 Ngambo_Asli
😂😂😂 Bi Mkadi wallahi!

Lakini kweli. Ukiondoa mnyoo, hakuna maradhi. Ukiondoa mbu, hakuna. Ukiondoa karo bovu, hakuna. Sasa sababu ni ipi kati ya hizo? Kwetu Ng'ambo mie nakwambieni ni mtaro. Mbu hachimbi choo. Choo anachimba mtu, na mtu anachimba kutokana na mfuko wake, na maji ya mvua yanaingia kwa sababu aliyetakiwa kupitisha mtaro hakupitisha. Mwaka 1848 daktari mmoja wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alitumwa Silesia kutazama homa ya tifasi. Akarudi na ripoti inayosema dawa yao ni elimu, uhuru na maisha bora. Waliomtuma hawakufurahi. Mie ningempeleka Virchow mtaani kwetu wakati wa masika.

Na @Mtoto_wa_Temeke, hapa usituite wakuu. Hatuna cheo.

#15 Mtoto_wa_Temeke
Sawa mkuu.

#16 Maalim_Stahiki
Bismillahi. Swali la ami lina umri mrefu kuliko nyinyi nyote. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (SAW) alisema hakuna kuambukiza. Bedui mmoja akamuuliza: mbona ngamia wangu wako mchangani wazima kama paa, akaja ngamia mwenye upele akachanganyika nao, wote wakapata upele? Akamjibu kwa swali: na yule wa kwanza, nani alimuambukiza?

Hilo ndilo neno. Unarudi nyuma kwa mbu, kwa karo, kwa mtaro, kwa serikali, mpaka unafika kwa wa kwanza asiyekuwa na wa nyuma yake. Imam Ghazali akaeleza kwamba pamba inapowekwa kwenye moto, tunachokiona ni pamba kuungua pamoja na moto. Kwamba moto ndio ulioiunguza, hilo hatulioni kwa macho, tunalitia wenyewe kwa mazoea. Muunguzaji ni Mwenyezi Mungu. Vivyo hivyo mbu.

#17 Mwalimu_Mstaafu
Maalim wangu, heshima yako. Lakini habari hiyo isiishie nusu. Ibn Rushd alimjibu Ghazali kwamba mwenye kukanusha sababu za vitu amekanusha na akili yenyewe. Na katika Bukhari hiyo hiyo upo upande wa pili: mkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Simba hakimbiwi kwa mazoea tu.

Tauni ilipoingia Granada karne ya 14, tabibu na waziri wao Ibn al-Khatib aliandika waziwazi kwamba kuambukiza kumethibiti kwa uzoefu na ushahidi. Mtu anagusa nguo ya mgonjwa anaugua, aliyejifungia anasalimika. Alikuwa Muislamu vile vile.

#18 Maalim_Stahiki
Na mie sikusema tusikimbie. Sayyidna Omar alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akasikia Sham kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia kadari ya Allah? Akasema ndiyo, tunakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Chandarua natundika, dua nasoma. Nilichokanya ni kumfanya mbu mungu mdogo.

#19 Ngambo_Asli
Abu Ubayda mwenyewe si ndiye aliyefariki kwa tauni ile ile?

#20 Maalim_Stahiki
Ndiye, mwaka wa 18 Hijria, naye alibaki na watu wake. Na aliyerudi amesifiwa na aliyebaki amesifiwa. Hapo ndipo penye elimu, kijana.

#21 Mpima_Damu
Naona tumemtupa ami. Nina kitu chake, na naomba Koroma amsomee.

Mtu wa kwanza kuonesha kwamba mbu anachukua vijinyoo hivi ni Patrick Manson, daktari Mskochi aliyekuwa Amoy, China, mwaka 1877. Alimtumia mtunza bustani wake aliyekuwa na vijinyoo damuni: akamlaza kwenye chumba chenye mbu, asubuhi akawapasua mbu, akawaona minyoo mle ndani wanakua. Ugunduzi wa kwanza wa aina yake duniani, kabla ya Ronald Ross na malaria yake ya 1897.

Lakini Manson alidhani mbu anang'ata mara moja tu katika maisha yake, kisha anakufia majini. Kwa hivyo mtu anapataje mnyoo? Akasema: kwa KUNYWA maji aliyofia mbu. Miaka zaidi ya ishirini iliaminiwa hivyo, mpaka 1900 daktari mwengine, Low, alipouona mnyoo kwenye mdomo wa mbu, tayari kutoka.

Mkwezi wa Jambiani na baba wa tiba za nchi za joto walikosea mahala pamoja. Wote walisema: amekunywa.

#22 Koroma
Allahu akbar! Hii namsomea leo leo.

#23 Koroma
Nimemsomea. Kasema: "Unaona? Hata mzungu kasema amekunywa. Huyo wa pili ndiye aliyeharibu." Kukosea kwake hataki kukusikia.

#24 Mwalimu_Mstaafu
😀 Mfikishie salamu zangu.

Ami yako hakuokota jambo hilo njiani. Tiba aliyorithi ni ya Jalinus, yule tabibu wa Kiyunani (Galen), na Ibn Sina, imefika pwani hii na majahazi. Mwili una damu, balghamu, safura na sauda. Vitu vina moto, baridi, umaji na ukavu. Kimoja kikizidi unaumwa. Dafu ni baridi na maji, mkwezi anatoka jasho jua kali, mwili moto, unamtia baridi ghafla. Kwa mizani ile ni kosa la wazi.

Na msicheke, maana mnaisema kila siku. Mtu akiumwa viungo mnasema ana baridi yabisi. Yabisi ni kavu: baridi na ukavu, vimezidi pamoja. Safura kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano. Siku hizi mnawaita minyoo ya safura, wale wanaonyonya damu tumboni mpaka mtu anapauka. Nadharia imekufa, jina limebaki kazini, limepewa mdudu alibebe. Hata malaria ni Kitaliano, hewa mbaya. Daktari anayekucheka kwa baridi yabisi anaandika "malaria" kwenye cheti chake.

#25 Mtu_wa_Wawi
Mwalimu kataja safura, nami nipo Chake, karibu na maabara ya Ivo de Carneri. Nina kisa kinachonisumbua mpaka leo.

Watoto wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, na daktari yeyote atakwambia upungufu wa damu dawa yake ni madini ya chuma. Ukafanywa utafiti mkubwa, watoto wadogo wengine wakapewa chuma na foliki asidi, wengine kidonge kisichokuwa na kitu. Wale waliopewa chuma ndio waliolazwa zaidi na kufariki zaidi, sehemu hiyo ikabidi isimamishwe. Matokeo yalitoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2006 na ushauri wa dunia nzima ukabadilika. Inaelekea chuma kinamlisha na mdudu pia, malaria na wenzake. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria vizuri, wenye upungufu wa damu chuma kiliwasaidia.

Kidonge kimoja kinaponya nyumba hii kinaua nyumba ya pili, inategemea kama mbu yupo na dawa ipo. Sasa @Mtoto_wa_Temeke niambie, chuma ni dawa au ni sababu ya maradhi?

#26 Mtoto_wa_Temeke
Hapo mkuu nipe muda.

#27 Mvuvi_wa_Mkoani
Mie sina elimu ya mbu, nina langu la kasa. Watu wa visiwani wamekula kasa mababu na mababu. Kisha Kisiwa Panza 2024 wakala wakafa watu saba. Nyama ile ile waliyokula babu zao. Sasa hapo sababu ni kasa? Mbona jana hakuua?

#28 Mtu_wa_Wawi
Nikusahihishe kidogo, ndugu yangu. Saba walikuwa wa 2021, hapa hapa Pemba. Kisiwa Panza, Machi 2024, walifariki tisa: watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine zaidi ya sabini walifikishwa hospitali. Mungu awarehemu wote.

Sumu hiyo haimo kwa kila kasa. Inadhaniwa anaipata kwenye anachokula baharini, na ukipika haitoki. Kwa macho humjui mwenye nayo.

#29 Mvuvi_wa_Mkoani
Amin. Ahsante kwa kusahihisha, na naongeza mwenyewe kwamba kumvua kasa ni kosa kisheria, asije mtu akasema nahamasisha.

Lakini jibu lako limelisogeza swali tu. Sufuria moja, sinia moja, wengine wamekufa wengine wamerudi nyumbani. Mwili mdogo wa mtoto, nimefahamu. Lakini watoto wawili umri mmoja? Kwetu watu hawakunyamaza, walisema mengi, na mie sitaki kuyaandika hapa. Sayansi imewaambia kilichowaua. Haikuwaambia kwa nini wao.

#30 Karafuu_Kavu
Nazi hiyo. Nazi inaanguka kwa sababu imekauka kikonyo. Fulani alipita chini kwa sababu alikuwa anakwenda dukani. Kila kimoja kina sababu yake inayojulikana. Kwa nini vikutane saa ile kichwani mwake, hapo mmoja atakwambia kadari, mwengine atakwambia hasidi, na mtu wa takwimu atakwambia bahati. Na "bahati" mie naiona ni neno la kufungia mlango tu.

#31 Mpima_Damu
Si lazima. Wakati mwengine "kwa nini yeye" lina jibu, hatujalifikia tu. Zamani ungeuliza kwa nini mtoto huyu malaria inamkata na ndugu yake haimkati, ungeambiwa kadari au jirani. Kumbe mmoja karithi chembe ya siko seli upande mmoja, na malaria kali haimuwezi vizuri. Akirithi pande zote mbili, anaumwa siko seli yenyewe. Kinga na maradhi kitu kimoja.

Na kwenye busha, ndani ya ule mnyoo kuna bakteria, Wolbachia. Mnyoo bila yeye hauzai, na uvimbe mwingi mwili unapambana naye huyo. Kwa hivyo bakteria ndani ya mnyoo, mnyoo ndani ya mbu, mbu ndani ya karo. Huenda siku moja tutamjibu ami kwa nini yeye.

#32 Mvuvi_wa_Mkoani
Na ukimjibu hilo, atauliza kwa nini yeye ndiye aliyerithi.

#33 Mwalimu_Mstaafu
Kwa wanaosema mdudu anatosha: mwaka 1892 mzee mmoja wa Munich, Max von Pettenkofer, alikunywa kikombe cha vijidudu vya kipindupindu mbele ya mashahidi, kumuonesha Robert Koch, bingwa wa vijidudu, kwamba mdudu peke yake haui bila ya ardhi na hali ya mahala. Alikuwa na miaka 73. Akaharisha kidogo, basi.

#34 Ngambo_Asli
Kwa hivyo alikuwa sahihi?

#35 Mwalimu_Mstaafu
Alikosea kwenye maji, hakukubali kwamba kipindupindu kinapita humo, na kukosea huko kuna gharama. Lakini kwamba mdudu hatoshi, tumbo lake lilimshuhudia.

#36 Bi_Mkadi
Naona nyote mnaogopa kulitaja, wacha nilitaje mie. Pepo.

Shangazi yangu koo lilimfunga. Wali haupiti, muhogo haupiti, maji tu kwa kijiko. Hospitali mbili, picha zote safi, wakamwambia hana kitu. Mtu amekonda mpaka bangili zinampanda kiwikoni, anaambiwa hana kitu! Tukampeleka kwenye ngoma ya kibuki. Nilikaa karibu yake nimeshika chetezo. Manyanga yalipoingia alianza kutikisika bega la kushoto tu, taratibu, kisha akasema kwa sauti ambayo si yake, akataja jina, akadai vitu vyake: brandi, na bangili ya fedha inunuliwe na mume wake kwa mkono wake. Asubuhi aliomba chai na mkate wa kumimina, akala vipande vitatu mbele yangu.

Haya, wenye kioo na taa, nielezeni.

#37 Mpima_Damu
Samahani kwa kuuliza, Bi Mkadi. Mwaka ule nyumbani kulikuwa na lolote?

#38 Bi_Mkadi
Mumewe alioa mke wa pili, mwezi mmoja kabla ya koo kufunga.

#39 Mpima_Damu
Basi.

#40 Bi_Mkadi
Basi nini? Unadhani pepo hakujua? Mbele za watu alisema, "Mumemnyamazisha, na mie nitamnyamazisha." Wewe umeuliza swali moja umejiona umegundua. Yeye kajua bila kuuliza, na bangili ikanunuliwa. Hospitali walikuwa na mashine zote, hakuna aliyemuuliza habari ya mume.

#41 Ngambo_Asli
Pepo huyo ana akili kuliko nusu ya baraza hili.

#42 Maalim_Stahiki
Brandi kwa Muislamu, jina lolote litakalopewa, haifai. Kisomo kipo, na kombe lipo, zafarani na maji ya waridi. Na kumuuliza mgonjwa hali ya nyumba yake ni sunna vile vile, hakuhitaji ngoma.

#43 Bi_Mkadi
Kombe alikunywa mara tatu, Maalim. Halikupita kooni.

#44 Mtoto_wa_Temeke
Nimerudi. Nimefikiria swali la chuma siku mbili. Nasema hivi: sababu inategemea nani anauliza na anataka kufanya nini. Mpima anataka kuua mnyoo, kwake sababu ni mnyoo. Ngambo anataka mtaro, kwake ni mtaro. Bi Mkadi anataka mume anunue bangili.

#45 Karafuu_Kavu
Na ami anataka nini?

#46 Mtoto_wa_Temeke
Hapo ndiyo sijui, mkuu.

#47 Kijana_wa_Kae
Huyo wa Temeke mzuri lakini anateleza. Kama sababu ni ya kila muulizaji, basi zile chembe zisingefanya kazi chooni kwa mtu asiyeamini mbu. Bibi yangu hakuamini hata siku moja, alisema ni uchafu wanatutilia. Mbu wa choo chake walikufa vile vile.

#48 Koroma
Naleta habari. Ami kakatwa wiki iliyopita, alhamdulillah, yuko salama, jana karudi nyumbani. Ahsanteni kwa dua.

Ila wodini alifanya utafiti wake. Walikuwa wanne wenye busha. Akawauliza mmoja mmoja, kitanda hadi kitanda, anashikilia msuli kwa mkono mmoja: wewe ulikuwa unakunywa madafu? Watatu wakasema ndiyo, tena mengi. Wa nne akasema hapana, yeye ni mtu wa dukani. Ami karudi na jibu: watatu madafu, na wa nne muongo.

#49 Mpima_Damu
Mwambie angewauliza na wasio na busha kama wanakunywa.

#50 Koroma
Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema wasio na busha hawalali wodi ile.

#51 Ngambo_Asli
😂 Na lile dafu alilolisogeza siku ile barazani, likaishia wapi?

#52 Koroma
Kalinywa mkewe.